Limau Ndiyo Huondoka Kwanza

3 Februari

Wifi yangu Mizani,

Salamu kutoka nyumbani. Mama hajambo ulimi, nyonga ndiyo bado. Tangu alipoteleza bafuni hawezi kutoka kitandani bila mimi kumbeba, lakini kunisema anaweza akiwa amelala, akiwa ameketi, na hata akiwa anatafuna. Jana amenisema kwa sababu uji ulikuwa wa moto, kisha akanisema kwa sababu nimeupoza. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, mama yako ni mzima.

Ninaandika kwa jambo ambalo nikimwambia mtu mwingine atanicheka. Tangu kivuko kilipopinduka na kaka yako akakosekana miongoni mwa walioopolewa, sijafua shati lake la mwisho. Nimelitia ndani ya ile chupa ya kioo yenye mdomo mpana, iliyokuwa ya biskuti. Kila asubuhi nafungua, nanusa, nafunga. Lilijaa yale mafuta aliyoyachanganya mwenyewe dukani kwake, ambayo hakumwambia mtu vipimo vyake. Akiingia mlangoni ilitangulia limau, ile kali ya ganda, mpaka jirani anajua amefika. Akishatoka ilibaki sandali kwenye mto. Mimi nilikuwa nikiamka naye kwa pua: limau, yupo, sandali, kashakwenda zake.

Ile limau ilipotea wiki ile ile ya msiba, kama naweza kuuita msiba. Sasa hata sandali inanyong'onyea. Mwaka wa pili huu, wifi. Si mke, si mjane. Sijalia na watu kwa sababu hakuna wa kulilia, na mama amekataa neno "marehemu" lisitamkwe nyumbani kwake.

Tena kuna fundi saa wa ng'ambo ya barabara. Usicheke. Ameniuliza kama nitakubali anioe. Hakuniangalia usoni, alikuwa ameshika ile saa yetu ya ukutani na bisibisi, kama anaiuliza saa. Ni mtu mpole, na mimi bado nina umri wa kuzaa. Nimejiwekea jambo la kijinga: harufu ikiisha nitajua mume wangu amekufa, nitamwambia fundi ndiyo. Ikibaki, nitangoja. Wewe kazi yako ni kupima mafuta yanavyoruka hewani. Niambie ukweli, harufu hukaa muda gani?

Ni mimi,
Wifi yako


20 Februari

Wifi mpenzi,

Nimecheka, lakini kwa fundi saa tu. Kwa lingine sikucheka.

Nikueleze kazi yangu kama ninavyowaeleza wageni wa maabara. Mafuta ya manukato si kitu kimoja, ni umati. Kila kilichomo kina nguvu yake ya kutoka kwenye kimiminika na kwenda hewani. Nguvu hiyo tunaiita msukumo wa mvuke. Nina kikombe kidogo kuliko kifungo cha shati, kinaning'inia kwenye mizani ndani ya tanuri dogo. Natia tone, napandisha joto polepole, natazama uzito unavyopungua. Kinachopungua upesi kina msukumo mkubwa. Ile limau yake, ambayo sisi tunaiita limonini, ina msukumo mkubwa mno; sandali ina msukumo mdogo mara maelfu. Ukitaka kuona mwenyewe, kamulia ganda la limau kwenye kitambaa, ukiache mezani. Utakapomaliza kuosha vyombo vya chakula cha mchana itakuwa imeanza kuaga.

Kwa hiyo limau ndiyo huondoka kwanza, na ikishaondoka hairudi. Haijui njia ya kurudi kwenye nguo. Sandali nayo itakwisha. Itakapokwisha, usiseme ndiyo kaka amekufa siku hiyo. Ni mvuke tu, wifi.

Kama unataka ikae zaidi kidogo, kaza kifuniko na uiweke chupa mahali pa baridi. Joto ndilo linaloyasukuma mafuta. Chumba cha mama hakipigwi jua kabisa. Iweke kwake, kwenye kabati la kando ya kitanda.

Kuhusu fundi saa, sisemi uolewe, sisemi usiolewe. Nimemwandikia mama kumuuliza anaonaje. Nadhani ni vizuri asikie kwetu kuliko kwa majirani.

Mizani


11 Aprili

Wifi Mizani,

Nimeisoma barua yako ya Februari mpaka imechanika kwenye kunjo, na bado sielewi. Harufu imerudi.

Niliiweka chupa kwa mama kama ulivyosema. Siku za mwanzo hakuna kitu, sandali ile ile ya kukata roho. Halafu asubuhi moja nafungua, limau. Nimekaa sakafuni, wifi. Nilidhani ni mawazo. Nimemwita jirani wa mlango wa pili anuse bila kumwambia kitu, akasema, "Mbona shemeji anarudi?" Akajishika mdomo.

Mama amenusa akalia. Akanishika mkono, yule mama yako ambaye hajanishika mkono tangu niolewe, akasema, "Mwanangu hajaenda mbali. Mtu aliyekufa hanukii hivi." Tangu hapo ananiita binti yangu. Uji wangu sasa hauna kasoro.

Uliniambia limau ikishaondoka hairudi. Basi nimekata kipande cha kola, nimekifunga kwenye karatasi ya alumini tabaka tatu, nakutumia. Kipime. Fundi saa anangoja jibu. Ana nafasi ya kazi mji mwingine na anataka kujua kama anakwenda peke yake. Mashine yako ikisema harufu hii ni ya haki, nitamwambia hapana. Ikisema si ya haki, nitakwenda naye. Sina mtu mwingine wa kumuuliza, wifi. Nimeshayaweka maisha yangu kwenye kile kikombe chako.

Wifi yako


15 Aprili

Wewe mtoto,

Najua mkwe wangu amekutumia kipande cha kola, kwa sababu mkasi ameuazima kwangu. Sasa nisikilize, na ukishasoma choma. Barua zangu huzipeleka na kuzileta mtoto wa jirani, huyu hazioni.

Ni mimi. Kabla hajasafiri, kaka yako aliniachia chupa ndogo ya mafuta yake, nipake magotini. Iko chini ya godoro langu. Mkwe wangu akienda kisimani au sokoni, nanyoosha mkono kabatini, nafungua, natia matone, nafunga. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniletea chupa kando ya kitanda. Nilikuwa nikiwaza nifanyeje na huyo fundi saa, na Mizani wangu akanipa dawa bila kujua. Ndiyo faida ya kusomesha.

Lingine. Mwaka jana, huyu akiwa amekwenda kusaga, alikuja mtu wa mamlaka ya kivuko. Alileta mkanda. Ule wa ngozi wenye tundu alilolitoboa mwenyewe kwa msumari alipokonda. Wamemzika huko mtoni pamoja na wengine. Nimetia sahihi karatasi yao, nimeiweka pamoja na mkanda chini ya godoro, na sijamwambia mtu. Mwanangu nimemlia peke yangu, kimya kimya, huku huyu akikuna nazi upande wa pili wa ukuta.

Unaniona katili. Sawa. Lakini nikimwambia, ataolewa. Akiolewa, nani atanigeuza nisichubuke mgongo? Wewe? Utakuja wewe kunishikia beseni? Utaacha maabara yako na koti lako jeupe? Kama utakuja, andika leo kwamba unakuja, nami nitamwita nimpe mkanda, nimwombe na msamaha. Kama hutakuja, basi funga mdomo na umpe jibu zuri.

Mama yako


6 Mei

Wifi mpenzi,

Samahani kwa kuchelewa. Hapa mambo ni mengi. Nimefanywa mkuu wa kitengo, nina watu sita chini yangu na ofisi yenye mlango.

Kipande cha kola nimekipima mwenyewe, sikumwachia mtu. Limonini ipo. Ipo kwa wingi. Najua nilikuambia haiwezi kurudi, lakini sayansi nayo hujifunza. Nyuzi za pamba zinaweza kuyashika mafuta kwa ndani sana, na chumba chako kilipokuwa na joto yalikuwa yanatoka na kupotea kabla hujayasikia. Baridi ya chumba cha mama imeyatuliza, sasa yanatoka taratibu. Ni jambo la nadra. Mafuta yenyewe ni ya kaka, hilo nakuhakikishia. Hakuna mkono mwingine ambao ungeweza kuyachanganya vile.

Maana yake nini, siwezi kusema. Mimi ni mtu wa vipimo. Ila ningekuwa mimi, nisingefanya haraka.

Endelea kuiacha chupa kwa mama. Na asante sana kwa unavyomtunza. Nikifikiria kwamba uko naye, nalala vizuri.

Mizani


30 Mei

Wifi Mizani,

Nimemwambia hapana.

Alikuwa ameniletea ile saa ya ukutani. Akaitundika mwenyewe ukutani, akarudi nyuma akaitazama kama imenyooka, akasema haitasimama tena. Nilitaka kumpa soda akasema amechelewa. Duka amelifunga juzi. Kibao kimebaki, na alama ya mkono wake kwenye kioo pale alipokuwa akiegemea kunipungia.

Nimelia, sikufichi. Lakini nililia kama mtu mwenye mume. Kila asubuhi nafungua chupa na yupo mlangoni. Mungu akubariki wewe na mashine yako.

Mama ameanza kusahau vitu vidogo. Jana ameniuliza mara mbili leo ni siku gani. Kitu kimoja tu hakisahau: nikitaka kugeuza godoro anapiga kelele mpaka mtaa wa pili. Anasema nitamvunja nyonga ya pili. Basi nambadilishia shuka juu juu.

Wifi yako


18 Juni

Mama,

Nimefanya ulilotaka. Mwanamume ameondoka, huyu amebaki. Sasa acha. Usitie tena tone hata moja. Harufu ikifa yenyewe, atalia, atazoea, na atakuwa bado yupo hapo kwa sababu hana pa kwenda. Ukiendelea atagundua. Nilimfundisha jaribio la ganda la limau na yeye si mjinga.

Siwezi kuja sikukuu. Kitengo kina ukaguzi.

Mizani


9 Agosti

Mizani mwanangu,

Mwandiko umeharibika, utanisamehe. Nimepata barua yako inasema acha, sijui niache nini. Uliniandikia kuhusu nini?

Kaka yako amekuja asubuhi. Nilikuwa nimelala sikumwona. Mkewe amesema amekaa kitandani hapa kando yangu, ameinamia mto, ameondoka kwenda dukani. Kweli mto wote unanukia yeye, ile limau yake ya kuchoma pua. Jana pia alikuja nikiwa nimelala. Mwambie asije nikiwa nimelala. Yeye anakusikia wewe.

Nilikuwa na mkanda mahali, siuoni. Nadhani ameuvaa.

Mama yako


2 Septemba

Mizani,

Nilikamulia ganda la limau kwenye kitambaa. Sikufanya kwa kukushuku. Nilifanya kwa upweke, nilitaka harufu yake na chumbani kwangu. Nikakifungia kwenye chupa nyingine, nikaiweka kwenye kabati lile lile la mama, kwenye baridi ile ile. Siku chache tu, nikifungua na kufunga, limau imekwenda. Ya kwenye shati bado ilikuwa inapiga kelele.

Basi nikalihamishia shati kwangu. Likanyamaza. Nikalirudisha kwa mama, nikaenda sokoni, nikarudi, likasema. Nikalihamisha tena likanyamaza. Sikuhitaji kikombe chako wala tanuri. Nilimbeba mama nikamketisha kwenye kiti, akipiga kelele na kunikwaruza shingo, nikageuza godoro. Chupa. Mkanda. Karatasi ya mamlaka ya kivuko yenye sahihi yake na tarehe ya mwaka jana.

Nilimuuliza nani anajua. Akasema, "Mizani anajua, Mizani ni mtoto mzuri." Hilo hakulisahau.

Nilikwenda mtoni peke yangu. Wamepanda nyasi. Nililala kifudifudi pale mpaka mlinzi akaniuliza kama ninaumwa, nikamwambia ndiyo. Niliporudi, mama yako aliniuliza nilikuwa wapi uji wake umechelewa.

Nikamwambia nilikuwa namsindikiza mwanawe. Sikupanga, lilitoka tu. Uso wake ulivyofunguka, Mizani, ungeuona. Amesahau mkanda. Amesahau kaburi. Alinidanganya mimi mpaka akili yake ikachoka, na ilipochoka ikaubakiza uongo ikaitupa kweli. Kuanzia siku hiyo, kila alfajiri, natia tone moja kwenye mto wake akiwa amelala. Akiamka nasema, "Umemkosa, Mama. Ametoka sasa hivi." Analia kwa furaha asubuhi, kisha anangoja mchana kutwa, na jioni analia kilio kingine. Mimi nakaa namtazama. Nilifikiri nitaona huruma siku ya pili au ya tatu. Sikuona. Nimempiga huyu mama kwa fimbo aliyoichonga mwenyewe, na mkono haujanichoka.

Lakini nimechoka na nyumba. Kesho naondoka kwenda kwa shangazi yangu. Fundi saa ameshaoa. Nilimwandikia, akanijibu kwa adabu, akanitakia heri. Jirani wa mlango wa pili atamlisha mama na kumgeuza mpaka ufike. Nimemwambia unakuja. Utakuja, kwa sababu nimemwachia na anwani ya mkuu wako wa kazi, na yeye si mtu wa kuona haya kuandika.

Mafuta yaliyobaki nakwenda nayo. Mto wake leo umelowa vya kutosha. Anamngoja mwanawe afungue mlango. Utafungua wewe.

Aliyekuwa wifi yako


27 Oktoba

Wifi,

Nakuandikia nikiwa nyumbani. Nimeomba likizo bila malipo, wamenipa kwa uso mbaya, na ofisini kwangu ameshaingia mwingine. Sikuandikii kulalamika.

Nisamehe. Ningeweza kueleza, lakini maelezo yote niliyonayo ni ya mtu aliyetaka kubaki alipo. Nilijua kwenye ile kola. Sikuhitaji hata kupima. Nilipofungua alumini harufu ilijaa chumba. Nilipima ili nionekane nimepima.

Nina ombi moja. Mama anamwita kaka. Hanijui mimi ni nani, ananiita muuguzi, lakini yeye anamwita kuanzia anapofumbua macho. Ananusa mto, anasema, "Hakuja. Mmemfanya nini?" Nilimwambia kweli, wifi. Nilimwonyesha nyasi za mtoni kwenye picha. Akalia kwa saa nzima kama amefiwa siku hiyo, akasinzia, akaamka akauliza kwa nini hakuja. Nikamwambia tena. Mara ya tatu sikuweza.

Nimejaribu kuyachanganya mwenyewe. Nina vipimo vyote vya kile kipande cha kola, kila kilichomo na kiasi chake. Nilinunua, nikatia kwenye mto. Alinusa, akanisukuma, akasema, "Huyu siye." Nimebadilisha nikarudia, nikabadilisha. Huyu siye. Kuna kitu kaka alikitia ambacho sikukiona.

Nakuomba ile chupa. Hata kama yamebaki matone machache. Nitayatumia taratibu, moja kila asubuhi, mpaka Mungu atakapomchukua. Si kwa ajili yangu. Ninajua ninachokuomba na ninajua mimi ni nani wa kukuomba. Mkanda baki nao, ni wako.

Mizani


12 Novemba

Mizani,

Chupa hiyo, pamoja na barua hii. Sijaitumia hata tone tangu niondoke. Sikuwa na mto wa kuulowesha.

Ila nilipofika kwa shangazi niliiweka dirishani, upande unaopigwa jua, na kifuniko nikakitupa. Imekaa wazi mpaka leo asubuhi nilipoiziba kwa kizibo cha karatasi ili isimwagike njiani. Usinuse kutafuta limau. Wewe ndiye uliyenifundisha haijui njia ya kurudi. Iliyomo ni sandali tupu, ile aliyokuwa akiniachia kwenye mto akishatoka.

Mtilie mama yako. Akinusa atajua ameshaondoka, na atakuuliza wewe ameelekea wapi.

Mjane wa kaka yako